Mtoto Wako na Mpira wa Kriketi: Kanuni za Mchezo na Usalama Uwanjani

Mada yetu ya leo itawashangaza wengine. Tutazungumza juu ya kriketi ya watoto: inachezwaje, kanuni zake ni zipi, na mzazi aangalie nini kabla hajamruhusu mtoto wake aingie uwanjani.

Najua kuna mama anayejiuliza, kriketi na Meru wapi na wapi? Ni kweli. Watoto wetu hapa hukua na kandanda, voliboli na mbio. Kriketi nchini Kenya imekuwa zaidi mchezo wa Nairobi na Mombasa, ulioletwa na Waingereza na kukuzwa sana na Wakenya wenye asili ya Kihindi. Lakini si mchezo mgeni kwetu. Mwaka 2003 timu yetu ya taifa, ikiongozwa na nahodha Steve Tikolo, iliishinda Sri Lanka hapo Nairobi na ikasonga mbele hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Jirani zetu wa Laikipia, vijana wa Kimasai, waliuchukua mchezo huu wakawa wanaucheza wamevaa shuka na shanga zao, wakautumia kuwafundisha wenzao juu ya ukimwi na madhara ya kukeketa wasichana. Mwaka 2013 walikwenda kucheza Uingereza. Na kwa mama mwenye binti: mwaka 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliwashinda wenzao wa West Indies katika Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Kwa hiyo usishangae siku mwalimu mpya atakapokuja shuleni na magongo na vijiti, au mwanao aliye shule ya bweni Nairobi atakapopiga simu kuomba pesa za glavu.

Tena, mengi nitakayosema yatamfaa mama ambaye mwanawe anacheza hoki shuleni. Mpira wa hoki na mpira wa kriketi vina uzito karibu mmoja, na vinavyovunjwa nao ni vile vile: meno, vidole, hata fuvu la kichwa.

(Muziki mfupi)

Kama ulicheza raunda ulipokuwa msichana shuleni, basi kriketi unaijua nusu tayari. Upande mmoja unapiga mpira, upande mwingine unarusha na kudaka. Katikati ya uwanja pana njia nyembamba iliyonyooka, na kila mwisho wa njia hiyo husimamishwa vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Mpigaji husimama mbele ya wiketi na gongo lake la mbao lililo bapa upande mmoja. Mrushaji hutoka mbio upande wa pili, akarusha mpira kwa mkono ulionyooka, na mara nyingi mpira hudunda mara moja chini kabla ya kumfikia mpigaji. Mpigaji akiupeleka mbali, yeye na mwenzake aliye mwisho wa pili hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wakibadilishana wanapata alama. Mpira ukiangusha vijiti vyake, au ukidakwa kabla haujagusa ardhi, ametoka. Nyuma ya wiketi huchuchumaa mchezaji mmoja mwenye glavu kubwa, mlinda wiketi, ambaye kazi yake ni kuushika mpira unaompita mpigaji. Mipira sita ikirushwa, hiyo ni ova moja, na mrushaji mwingine huanza kutoka upande wa pili.

Kwa watoto kanuni hulegezwa. Njia ya watu wazima ina urefu wa mita 20 na kidogo. Ya watoto wadogo hufupishwa hadi mita 16 hivi au hata chini ya hapo. Timu inaweza kuwa na watoto wanane badala ya kumi na mmoja. Katika mtindo mmoja unaopendwa, wapigaji huingia wawili wawili na kila jozi hukaa ova zilizokubaliwa. Mtoto akitolewa haendi kukaa nje akilia, bali timu yake hukatwa alama kadhaa na yeye anaendelea kupiga. Kanuni hii naipenda sana. Mtoto aliyepanda matatu kutoka Mikinduri hadi Meru mjini asirudi nyumbani akiwa amecheza mpira mmoja tu. Na aliye mdogo mno kurusha kwa mkono wa juu huruhusiwa kurusha kwa mkono wa chini.

Sheria za mchezo wenyewe nazo zina ulinzi ndani yake. Mpira unaofika bila kudunda ukiwa juu ya kiuno cha mpigaji ni mpira haramu. Unaodunda ukapita juu ya kichwa chake ni haramu pia. Mwamuzi huwapa wapinzani alama, na mrushaji akizidi kutishia anaweza kuzuiwa asirushe tena. Mwamuzi anatakiwa kuangalia uwezo wa mpigaji, maana mpira ambao kijana wa kidato cha nne atauepa ni hatari kwa mtoto wa gredi ya tano. Kwa hiyo mechi ya watoto isiyo na mwamuzi mtu mzima si mechi ya kumpeleka mwanao.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, kwa sababu mambo yote yanaanzia hapo.

Ndani ya mpira halisi wa kriketi mna gome la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, lililozungushiwa nyuzi zikakazwa kwa nguvu. Nje ni ngozi iliyoshonwa. Mpira wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Wa wanawake ni gramu 140 hadi 151, na wa watoto wasiozidi miaka 13 ni gramu 133 hadi 144. Ukiushika mkononi utadhani umeokota jiwe la Mto Kathita. Usidanganyike kwamba huo wa watoto, kwa kuwa ni mwepesi kidogo, basi ni laini. Ugumu ni ule ule.

Lakini kriketi haihitaji mpira huo ili ichezwe. Watoto wanaoanza hutumia mpira wa plastiki laini au wa tenisi, na wakafurahi na kujifunza vile vile. Hata mpira wa matambara yaliyofungwa kwa kamba unafaa. Zamani tulifunga ile ya makaratasi ya nailoni, kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku mwaka 2017. Angalia tu wasitie jiwe katikati ili uende mbali, maana watoto wana ujanja huo.

Basi mama, swali la kwanza la kumwuliza mwalimu ni hili: wanatumia mpira gani? Akisema mpira laini, mwanao anaweza kucheza na kaptula yake na raba zake bila vifaa vya gharama. Akisema mpira mgumu, hapo masharti yanabadilika kabisa. Hakuna kusema “leo tucheze hivi hivi, helmeti zitaletwa muhula ujao.” Kama helmeti ziko muhula ujao, mpira mgumu nao ungoje muhula ujao.

(Muziki mfupi)

Uingereza, ambako mchezo huu ulianzia, tangu mwaka 2000 chama chao cha kriketi kimetaka kila mchezaji wa chini ya miaka 18 avae helmeti yenye wavu wa chuma usoni anapopiga mpira mgumu, na vilevile mlinda wiketi anaposimama karibu na vijiti. Hawakusema wanaocheza vizuri wasamehewe, na walikuwa na sababu. Novemba 2014, mjini Sydney, mchezaji wa timu ya taifa ya Australia aitwaye Phillip Hughes alipigwa na mpira shingoni, nyuma ya sikio, mahali ambapo helmeti yake haikufika. Alikuwa mtu mzima, fundi wa mchezo, tena amevaa helmeti. Alifariki siku mbili baadaye, siku chache kabla ya kutimiza miaka 26. Baada ya hapo watengenezaji walianza kuongeza kinga ya shingo nyuma ya helmeti, na ukinunua au ukipewa helmeti leo, tafuta yenye kinga hiyo.

Helmeti ya mtoto imkae sawasawa. Ikimpwaya, mpira ukiigonga itazunguka na kumziba macho. Akitikisa kichwa haipaswi kucheza, na ukanda wa kidevuni ufungwe. Nafasi kati ya ukingo wa juu na wavu wa uso iwe ndogo kiasi kwamba mpira hauwezi kupenya. Jaribu kwa mpira wenyewe. Kama unapita, kifaa hicho hakifai. Iliyopasuka au iliyokwisha kupokea kipigo kikali haishonwi wala haibandikwi gundi, itupwe.

Kuna atakayeuliza kama ile ya boda boda inaweza kusaidia. Haiwezi. Ni nzito kwa shingo ya mtoto, inamzuia kuona pembeni, na uso wake haulindwi na kile kioo cha plastiki.

Habari njema ni kwamba shule haihitaji helmeti kumi na moja. Wanaozihitaji kwa wakati mmoja ni wapigaji wawili na mlinda wiketi. Seti chache za saizi tofauti zinatosha, mradi watoto wapokezane. Na kwa kuwa wanapokezana, zipanguswe ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na zianikwe zikauke, la sivyo choa za kichwani zitatembea darasa zima.

Pamoja na helmeti, mpigaji wa mpira mgumu avae vikinga vya miguu vinavyofika juu ya goti, glavu nene za mikono yote miwili, na mvulana avae kikombe kigumu cha kukinga sehemu za siri ndani ya kaptula. Viatu visiwe ndala. Mlinda wiketi ana vyake vya namna hiyo hiyo.

Wale wanaosubiri kudaka hawavai helmeti, kwa hiyo kinga yao ni umbali. Kwa mpira mgumu, kanuni ya Waingereza, ambayo shule yoyote inaweza kuiga bila kutumia shilingi, ni kwamba mtoto wa miaka 13 kurudi chini asisimame karibu na wiketi ya mpigaji kuliko mita 10, mpaka mpigaji awe amekwisha kuucheza mpira. Wa miaka 14 na 15, mita 7 na kidogo. Wanaoruhusiwa kusogea zaidi ni wale walio nyuma ya mpigaji, upande ule ambao hawezi kuugeuzia mpira kwa nguvu. Mita 10 ni kama hatua kumi na tano za mama. Ukiwa pale pembeni unaweza kuzihesabu mwenyewe.

Na wewe mwenyewe, mama, unapokwenda kutazama, keti nyuma ya mstari wa mpaka na uso wako uelekee uwanjani. Mtoto mchanga asilazwe kwenye leso kando ya mstari. Watoto wadogo wanaocheza nyuma yenu waitwe kila mara, kwa sababu mpira uliopigwa vizuri hufika bila kubisha hodi.

Viwanja vyetu vina mambo yake. Kwenye miteremko ya Imenti na Manyatta, kiwanja kilichosawazika ni nadra, na pale Mbeere na Tharaka ardhi ina changarawe. Mpira ukidunda juu ya jiwe hurukia popote, hasa usoni. Njia ya kurushia ifagiliwe na mawe yaokotwe kabla ya mchezo; isiposawazika, siku hiyo watumie mpira laini. Maji ya kunywa yawepo, maana chini ya helmeti mtoto hutoka jasho kuliko unavyodhani. Radi ikisikika wakati wa mvua za Aprili au za Novemba, wote waingie ndani ya jengo, wasikimbilie chini ya mti, na wasirudi uwanjani mpaka zimepita dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui ni la mgongo. Mtoto anayerusha kwa kasi hupinda na kujizungusha kiuno kila mpira, na mifupa yake bado inakua. Akirusha mno, mfupa wa chini ya mgongo unaweza kupata ufa mdogo mdogo. Ndiyo sababu Waingereza waliweka kikomo: hadi miaka 13, ova 5 kwa mkupuo mmoja na zisizidi 10 kwa siku, miaka 14 na 15, ova 6 kwa mkupuo na 12 kwa siku. Mazoezi yanahesabiwa pia. Mimi naongeza la kwetu. Mtoto aliyeshinda Jumamosi asubuhi akichuma majani chai na kikapu mgongoni, au aliyepanda mlima na mtungi wa lita 20, mgongo wake umekwisha kufanya kazi ya siku. Mwambie kocha. Na mtoto akilalamika maumivu ya kiuno upande mmoja yanayozidi anaporusha, apumzike na apelekwe akaangaliwe. Kumsugua mafuta na kumrudisha uwanjani kesho yake ni kuongeza ufa.

(Muziki mfupi)

Sasa naomba uache kidogo unachofanya, usikilize hili la kichwa. Linahusu kriketi, linahusu hoki na kandanda, na linahusu hata mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mkadamia.

Mtoto akigongwa kichwani, ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu hata kama hakuzimia na hakuna damu wala uvimbe. Ataonekana amechanganyikiwa, au kichwa kitamuuma, au ataona kizunguzungu, au mwanga utamkera, au atauliza swali moja mara tatu. Mtoto huyo atoke uwanjani papo hapo na asirudi siku hiyo, hata akisema amepona, hata kama timu imebakiza ova moja ishinde. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona, madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko ya kipigo cha kwanza.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona amezimia hata kwa sekunde chache, anatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kuuma, anapata degedege, mkono au mguu umelegea, maneno yanamgonga, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, maji maji au damu inatoka sikioni au puani, au anasinzia na huwezi kumwamsha vizuri. Shingo ikimuuma, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Alale alipo, kichwa kikishikiliwa kisisogee, mpaka apatikane mtu anayejua kumbeba, na gari badala ya pikipiki. Usimpeleke nyumbani kwanza kubadilisha nguo. Zahanati nyingi hazina mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, kwa hiyo mhudumu akiandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya Meru au ya Embu, nenda saa hiyo hiyo.

Kama hana dalili hizo na mhudumu amewaruhusu mwende nyumbani, usiku wa kwanza asilale peke yake. Watu husema asilale kabisa; hapana, usingizi unamsaidia, lakini mwamshe mara moja au mbili uone anafumbua macho na kukujibu kama kawaida. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya kichwa na dalili zikaonekana saa nyingi baadaye, au siku ya pili. Kwa maumivu mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini, ibuprofen wala diclofenac, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Kisha apumzike siku moja au mbili, arudi darasani polepole, na uwanja uje mwisho. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya kawaida unasema asicheze mashindano kabla ya siku 21. Mwalimu wa michezo akikuharakisha, mtajie hesabu hiyo.

Ugumu ni kwamba mtoto atakuficha. Anajua ukisikia utamkataza kucheza. Na kwetu Meru na Embu tuna jambo letu: mvulana aliyekwisha kutahiriwa anahesabiwa mwanamume, ana chumba chake, na hapendi mama amchunguze mwili. Mila hiyo ina heshima yake nami siipingi. Lakini jeraha la kichwa halijui nani ametahiriwa. Kama wewe mama huwezi kuingia chumbani kwake usiku kumwamsha, mtume baba yake, mjomba au kaka yake mkubwa, na umweleze anachotafuta. Fanya mpango huo kabla ya msimu wa michezo, si saa nne za usiku mtoto ameshatapika.

Hapo hapo niseme la sehemu za siri, maana wengi huona haya. Mvulana akipigwa na mpira korodani, maumivu hupungua baada ya muda mfupi. Yakiendelea zaidi ya saa moja, au kukiwa na uvimbe, au akitapika, aende hospitali usiku huo huo. Korodani iliyojisokota hukosa damu, na baada ya saa sita hivi inaweza kufa. Mwambieni mapema, kwa mdomo wa baba au mjomba, kwamba hilo si la kungoja asubuhi. Na aliyetahiriwa likizo ya Desemba asiingie uwanjani mpaka amepona kabisa.

Jino nalo. Jino la utu uzima likitoka zima, lishikwe upande mweupe wa kutafunia, si mzizi. Likiwa na uchafu lisuuzwe haraka kwa maziwa baridi au maji safi bila kusugua, kisha lirudishwe pale pale kwenye shimo lake na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litie ndani ya kikombe cha maziwa, na maziwa hapa kwetu hayakosi, mkimbie kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Jicho lililopigwa lisifikichwe, lisitiwe maziwa ya mama wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Lifunike bila kulikandamiza, na hospitali ni siku hiyo hiyo. Kidole kilichopinda kisivutwe na mtu yeyote, hata yule mzee anayesifika kwa kuunga mifupa. Kifunge pamoja na kidole cha jirani yake, weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 au 20, kisha apigwe picha, kwa sababu mfupa wa mtoto una sehemu laini inayokua, na ikiungana vibaya kidole kitabaki kimepinda.

Kabla sijaaga, utakapokutana na mwalimu wa michezo, muulize haya, tena bila kuona aibu: mpira ni laini au mgumu? Helmeti ziko ngapi, na zina wavu? Nani atakuwa mwamuzi? Sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, na nani anajua kulitumia? Gari lipo siku ya mechi, na nambari yangu ya simu mnayo? Mwalimu mzuri hatakasirika. Nyumbani nako, hakikisha mtoto ameandikishwa chini ya jina lako au la baba yake katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kadi yake ya chanjo iangaliwe kama kinga ya pepopunda imekamilika, kwa kuwa magoti yatachubuka kila wiki.

Juma lijalo, saa kama hizi, tutakuwa na muuguzi wa kutueleza juu ya minyoo na dawa zinazotolewa shuleni. Tayarisheni maswali yenu. Kwaheri kwa sasa.